“Jina Niliona, Lakini Sikulisoma”: Simu Inapokuibia Umakini, Kisha Pesa

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 5 ya mwezi, siku ambayo laini zetu za huduma kwa wateja huwa hazipumui kwa sababu kila mtu analipa kodi ya nyumba. Saa moja kasorobo jioni jamaa mmoja alitupigia akihema kama aliyekimbia. Alikuwa ametuma shilingi 14,500 kwa mtu asiyemjua. Mwenye nyumba wake ni mzee wa makamo. Jina lililotokea kwenye skrini kabla ya kuweka PIN lilikuwa la mwanamke. Mhudumu wetu akamuuliza kwa upole kama hakuliona jina hilo.

“Jina niliona,” akasema. “Lakini sikulisoma.”

Maneno hayo yalikaa nasi. Tulipomwomba atueleze ilikuwaje, alisema alikuwa kwenye matatu akitoka tauni kuelekea Rongai, amekaa dirishani, anaangalia klipu za mpira. Meseji ya mwenye nyumba ikaingia juu ya video. Akatoka kwa video, akaingia kwa menyu ya pesa, akaandika nambari kwa kichwa, akageuza tarakimu mbili za mwisho bila kujua, akaweka PIN, akarudi kwa video. Dakika moja haikuisha. Klipu yenyewe hakukumbuka ilikuwa ya timu gani.

(Tumebadilisha mambo madogo madogo kwenye kisa hiki ili mwenyewe asitambulike, na ametukubalia tukisimulie.)

Simu kama hizi tunapokea kila siku. Zamani tulidhani shida ni vidole, tarakimu moja kupita nyingine. Siku hizi tumeanza kumuuliza mteja swali moja la ziada: ulikuwa unafanya nini wakati unatuma? Majibu yanafanana hadi inashangaza. Nilikuwa kwa group. Nilikuwa naongea na mtu huku natuma. Nilikuwa naangalia kitu TikTok. Wengine wanacheka wenyewe wakishasema. Vidole vilikuwepo, macho yalikuwepo, akili ndiyo ilikuwa imetoka kidogo.

Pochi katikati ya soko

Huduma ya kutuma pesa kwa simu ilipoanza hapa Kenya Machi 2007, simu nyingi zilikuwa zile za mulika mwizi. Kutuma pesa ilikuwa shughuli. Ulikaa chini, ukatoa karatasi iliyoandikwa nambari, ukaibonyeza polepole, ukaisoma tena, ukafunika kwa mkono ukiweka PIN. Hakuna kitu kingine ndani ya ile simu kilichokuwa kinakuita, labda ule mchezo wa nyoka.

Leo pesa zako zinakaa kwenye kifaa kilekile chenye video, vichekesho, siasa, picha za harusi za watu usiowajua, na group ya chama yenye meseji 140 ambazo hujasoma. Ni kama kuchukua pochi na kuiweka katikati ya Gikomba siku ya kufungua mtumba, halafu useme utahesabu pesa hapohapo. Unaweza. Lakini kuna siku utakosea.

Na si kwamba sisi Wakenya ni dhaifu kuliko wengine, ingawa tunapenda simu kweli. Ripoti ya habari za kidijitali ya Reuters Institute ya mwaka 2023 iliiweka Kenya mbele ya nchi zote ilizochunguza kwa kutumia TikTok. Shida ni kwamba vitu hivi vimetengenezwa visikuachilie. Ukijua vinavyofanya kazi utaacha kujilaumu bure, na pia utajua pa kuvishika.

Chukua ile hali ya kuteleza kidole chini na mambo hayaishi. Zamani ukurasa ulikuwa na mwisho. Ukifika chini ilibidi ubonyeze ndipo uende ukurasa wa pili, na pale palikuwa na nafasi ndogo ya kujiuliza kama kweli unataka kuendelea. Mwaka 2006 mbunifu Mmarekani kwa jina Aza Raskin aliunda njia ya kufanya ukurasa ujiongeze wenyewe. Nia yake haikuwa mbaya, alitaka kumpunguzia mtu kazi. Miaka baadaye alijitokeza hadharani akasema anajutia jinsi ubunifu huo ulivyokuja kutumika. Ile nafasi ndogo ya kujiuliza ndiyo aliyokuwa ameiondoa.

Halafu kuna suala la zawadi isiyotabirika. Mwanasaikolojia B. F. Skinner, katika majaribio yake ya wanyama karne iliyopita, aliona kwamba mnyama akipewa chakula kwa mpangilio usiojulikana, mara anapata, mara anakosa, anabonyeza kitufe kwa bidii na anakawia kuacha hata chakula kinapokatwa. Sasa fikiria unavyovuta skrini chini kuona kama kuna kipya. Mara hakuna. Mara hakuna. Mara kuna klipu moja kali inayokuvunja mbavu. Hiyo moja ndiyo inakuweka hapo nusu saa nyingine. Mashine za kamari zinafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, na ni vyema kulikumbuka hilo kwa sababu tutarudi kwa kamari.

Gloria Mark, profesa wa Chuo Kikuu cha California huko Irvine, amepima jambo hili kwa takriban miaka 20. Mwaka 2004 aliona kwamba mtu anayefanya kazi kwa kompyuta hukaa kwa skrini moja wastani wa dakika 2 na nusu kabla ya kuhamia nyingine. Kufikia 2012 ilikuwa sekunde 75. Vipimo vya miaka ya karibuni ni sekunde 47 hivi. Sasa linganisha na kutuma pesa: kufungua menyu, kuandika nambari, kuandika kiasi, kusoma jina, kuweka PIN, kusoma meseji ya kuthibitisha. Ukifanya vizuri, inachukua muda wa kukaribiana na huo. Tumezoea kuhama kabla hatujamaliza.

Herbert Simon, mwanauchumi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1978, alishaliona hili mapema, mwaka 1971, kabla ya simu ya mkononi kuingia sokoni. Hoja yake ilikuwa ya kiuchumi kabisa: habari zikiwa nyingi kuna kitu kingine kinachopungua, na hicho ni umakini wa anayezipokea. Sisi tunaoshughulika na pesa tunaielewa lugha hiyo haraka. Umakini una kiasi. Unatumika, unaisha, na kuna watu wanaoishi kwa kuuza wa kwako kwa wenye matangazo.

Pesa ndogo ndogo

Kutuma kimakosa ndiko kunakoonekana, kwa sababu kunauma siku hiyohiyo. Kuna njia nyingine ambazo haziumi.

Bando ni mojawapo. Mwenzetu mmoja hapa ofisini alikuwa na uhakika kwamba anatumia kama shilingi 500 kwa mwezi kununua data. Tukamwambia achukue taarifa ya akaunti yake ajumlishe. Kulikuwa na bando ya 20 asubuhi kwenye steji, 20 nyingine saa ya chakula, na ile ya 50 jioni kwa sababu video zimekata katikati. Hiyo ni 90 kwa siku, 2,700 kwa mwezi, na mwaka ukiisha ni 32,400. Alinyamaza kidogo, kisha akasema hiyo ni karo ya muhula. Hatukumwongezea neno.

Hatusemi usinunue bando. Watu wengi wanaosoma hapa wanafanya biashara kwa WhatsApp, na mama anayeuza nguo mtandaoni bila data amefunga duka. Tunachosema ni ujumlishe. Shilingi 20 mara 90 haifanani na shilingi 1,800, ingawa ni kitu kimoja.

Kamari ni nyingine, na hapa hatutazunguka. Mtu anaangalia mpira kwa simu, tangazo la kubashiri linatokea pembeni, pesa ziko kwa simu hiyohiyo, na kati ya wazo na PIN hakuna hata hatua moja ya kutembea. Zamani ilibidi uvae viatu uende mahali. Mwishoni mwa Aprili 2025 bodi iliyokuwa ikisimamia michezo ya kamari nchini ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, kwa hivyo hata serikali iliona mambo yamezidi. Lakini siku 30 huisha. Ukiona kwa taarifa yako kwamba unaweka dau usiku zaidi, ukiwa kitandani, baada ya saa nzima ya video, basi unajua mlango ni upi.

Mikopo ya simu ni hivyohivyo. Meseji ya “umeongezewa kikomo” ikikupata saa tano usiku umechoka, unaweza kukopa pesa ambazo asubuhi hungeziomba. Angalau siku hizi kampuni za mikopo ya kidijitali zinatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na orodha ya zilizo na leseni iko wazi kwa tovuti ya benki hiyo. Kusoma orodha hiyo kunataka dakika mbili tulivu. Ndizo dakika tunazokosa.

Matapeli nao wanajua. Ile meseji ya “nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali nirudishie, ni za hospitali” haina ujanja mwingi ndani yake. Inatoka kwa nambari ya mtu binafsi, si kwa jina la huduma. Salio inalotaja mara nyingi halilingani na lako. Ukiisoma kwa utulivu unaiona ni uongo. Tapeli hategemei ujinga wako, anategemea haraka yako, ndiyo maana baada ya sekunde chache anapiga simu analia ili usipate nafasi ya kuangalia salio.

Wiki mbili ofisini

Tusingependa kukuhubiria jambo ambalo sisi wenyewe hatujajaribu. Kwa hivyo baada ya kisa cha yule jamaa wa Rongai, tisa kati yetu tulikubaliana kujaribu kwa wiki mbili kupunguza kelele ya simu.

Tulianza vibaya. Mtu alileta kikapu cha sisal, tukaweka simu zote ndani kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba. Siku ya kwanza ilikuwa ya kuchekesha; mmoja wetu aliapa kwamba simu yake inatetemeka mfukoni na kumbe iko kwa kikapu mbele ya macho yake. Siku ya tatu mwalimu alimpigia mwenzetu kwamba mtoto ana homa, simu ikalia ndani ya kikapu ikiwa kimya. Alikasirika, na alikuwa na haki. Kikapu sasa kinawekewa ndizi.

Somo tulilopata hapo ni kwamba kujinyima simu nzima hakudumu, kwa sababu simu ni pia shule, wazazi kijijini, na kazi. Kinachodumu ni kutenganisha vitu vinavyokuita kwa haki na vile vinavyokuita kwa mazoea. Tulikaa tukazima arifa zote isipokuwa tatu: simu za kupigiwa, meseji za kawaida, na za miamala. Group za WhatsApp zote zikafungwa sauti, hata ya familia, na hapo kuna shangazi mmoja hajatusamehe bado. Simu nyingi za Android zina sehemu inayoitwa Digital Wellbeing ndani ya mipangilio, na iPhone zina Screen Time. Zote zinaonyesha umetumia saa ngapi kwa programu gani na umefungua simu mara ngapi. Fungua uone mwenyewe. Wawili kati yetu waliona namba zao wakadhani simu imeharibika.

Wengine waligeuza rangi ya skrini iwe nyeusi na nyeupe. Video hupoteza utamu wake kabisa. Mmoja alirudisha rangi siku ya pili kwa sababu ya jedwali la ligi, hatukumshinda.

Kitu kilichotusaidia zaidi hakikuwa cha kiteknolojia. Tulikiita kukaa chini. Ukitaka kutuma pesa zaidi ya shilingi 1,000, unaacha ulichokuwa unafanya, unafunga kila kitu kingine kwa skrini, na jina likitokea unalisoma kwa sauti. Si kwa moyo, kwa sauti. Hata kwenye matatu, hata kama abiria wa pembeni atakuangalia. PIN tu ndiyo isiyosomwa. Mdomo hauwezi kusoma jina ambalo akili haijaliona. Baada ya wiki mbili mwenzetu alijikuta mbele ya duka la vifaa vya ujenzi akisoma jina, na jina si la mwenye duka. Ilikuwa shilingi 23,000 za mabati. Alibonyeza kukatisha, akaagiza soda, akakaa chini kweli.

Tuliposimulia hili kwa waendesha boda wa karibu na ofisi, mmoja alituonyesha njia yake, na tunakiri ni bora kuliko zetu zote. Ana simu mbili. Laini ya pesa iko kwa kabambe ndogo mfuko wa shati, simu janja iko mfuko wa suruali kwa ramani na muziki. Kabambe haina video, haina group, na chaji inakaa siku nne. “Hii ni benki,” alisema akigonga kifua, “na hii ni tauni.” Kama una kabambe imelala kwa droo, fikiria hilo. Weka tu nambari ya siri ya kufunga laini, kwa sababu kabambe ikiibwa laini ndiyo mali.

Kuhusu watoto tuseme moja tu. Ukimpa mtoto simu atazame katuni, umempa pochi pia. PIN yako anaijua, usijidanganye. Amekuona ukiiweka mara mia. Ibadilishe leo, na usitumie mwaka wake wa kuzaliwa.

Na sisi je?

Msomaji makini atakuwa ameshauliza: mbona nyinyi wenyewe mnatutumia meseji za promosheni? Ni kweli. Tulipozihesabu katika zile wiki mbili, kila mmoja wetu kama mteja wa kawaida, hatukufurahia tulichoona. Tumewaambia wenzetu wa matangazo, na mjadala huo haujaisha, wala haujawa mtamu. Wao wana malengo ya mauzo, nasi tunapokea simu za watu waliotuma pesa wakiwa wamekatizwa mara tano ndani ya dakika moja.

Wakati tunaendelea kubishana, jua haki yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuruhusu kukataa taarifa zako zitumiwe kukuletea matangazo, iwe ni sisi au kampuni nyingine yoyote. Kwetu, pigia huduma kwa wateja useme “sitaki promosheni”, huhitaji kueleza kwa nini. Usizime tu meseji za miamala. Hizo ni risiti zako, na ndizo zitakazokuambia kwanza kama mtu amegusa akaunti yako.

Na ukishatuma kimakosa, fanya mambo kwa mpangilio huu hata kama moyo unadunda: tupigie sisi kwanza, ukiwa na ile meseji ya muamala mbele yako, kabla ya kumpigia aliyepokea. Pesa zikiwa bado ziko kwa akaunti yake tunaweza kuzishikilia. Zikishatolewa kwa wakala, mikono yetu inafungwa kwa kiasi kikubwa na inabaki kuzungumza.

Yule jamaa wa Rongai alichukua nusu saa kabla ya kutupigia, kwa sababu hakujua amekosea hadi mwenye nyumba alipomwandikia akiuliza pesa ziko wapi. Kufikia hapo shilingi 6,000 zilikuwa zimetolewa. Tulishikilia 8,500 zilizobaki, kisha tukampigia mpokeaji. Alikuwa mama mmoja wa upande wa Kitale, na hakuwa mwizi. Mwanawe alikuwa amemwahidi pesa wiki hiyo. Alikuwa kwa simu na dadake, wanasikiliza mahubiri kwa spika ya simu hiyohiyo, meseji ikaingia, akaona tarakimu, akashukuru Mungu, akaenda kwa wakala. Jina la aliyetuma hakulisoma. Alirudisha 6,000 kwa awamu mbili, 4,000 Jumatatu iliyofuata na 2,000 mwisho wa mwezi, na mara ya pili alipiga kwanza kuhakikisha nambari, akamfanya jamaa aitaje tarakimu moja moja huku yeye akizirudia.